Kadi Namba 1147

1

Mwavita Ruhaza alisafiri siku mbili kuja kuuliza swali moja, na alipofika hakulizungusha. Alikunywa nusu ya chai aliyokaribishwa, akakiweka kikombe chini, akafungua mkoba na kutoa daftari la jalada gumu lililopauka. Akaliweka mezani, kando ya ubao wa sataranji.

"Mzee Ndunguru, nisamehe kwa haraka yangu. Kadi ya baba ilifika au haikufika?"

Otmari Ndunguru alikuwa na miaka sabini na tisa, na mchezo uliompa jina ulikuwa umemfundisha subira: sataranji ya posta, ambayo wachezaji wawili huketi kila mtu mjini kwake, na kila hatua huandikwa kwenye kadi na kutumbukizwa sandukuni. Mchezo mmoja uliweza kuchukua miaka mitatu. Vijana wa siku hizi wakisikia hucheka. Hawakuwapo enzi za Kimya, ile miaka tisa ambayo mitandao yote ilizimwa, mashine zikawa mabati matupu, na nchi nzima ikarudi kwenye kalamu na muhuri. Enzi hizo hapakuwa na mashine ya kumnong'oneza mtu hatua nzuri. Ulichokicheza kilitoka kichwani mwako. Na kichwa kilichowashinda wote kilikuwa cha Otmari, karani wa ghala aliyesoma madarasa ya jioni na kujifunza historia kwa vitabu vya kuazima.

"Kadi ipi, mwanangu?" aliuliza, ingawa alijua.

Mwavita alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, na alifungua daftari akaonyesha kwa kidole kama anayemwonyesha mtoto mstari wa kusoma. "Hii. Hatua ya thelathini na moja. Baba ameandika: 7455, imepostiwa Machi kumi na moja. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho ya kujibu, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na kanuni yenu inasema muhuri wa posta ndio unaohesabika, si siku ya kufika."

"Ndiyo kanuni."

Otmari aliisoma ile 7455 kutoka upande wake wa meza, tarakimu zikiwa kichwa chini miguu juu. Katika kadi zao kila mraba wa ubao ulikuwa na tarakimu mbili. Sabini na nne kwenda hamsini na tano: farasi anaruka kutoka pembeni, anatua katikati kabisa. Miaka thelathini na minne ilikuwa imepita, na bado aliijua namba hiyo kwa moyo.

"Watu wa shirikisho lenu la sataranji waliposema baba hakupeleka kadi, aliapa kwamba aliipeleka," Mwavita aliendelea. "Alikuwa karani wa posta kule kwetu Buhamba. Akawaonyesha na daftari la posta la barua zinazotoka, kadi imo. Wakakuuliza wewe. Ukajibu hujapokea. Basi wakasema ameghushi daftari la serikali kwa ajili ya mchezo, posta ikamfukuza kazi. Unajua sisi tulifanywaje? Watoto wenzetu walikuwa wanatunyatia kwa nyuma, wanatubamiza ngumi mgongoni: 'Pa! Machi kumi na moja!' Kama mtu anayegonga muhuri. Mdogo wangu aliacha shule kwa ajili ya ngumi hiyo."

"Pole sana, mwanangu."

"Sikufuata pole, mzee. Baba alifariki mwaka jana, na neno lake la mwisho lilikuwa, 'Niliipeleka.' Nimeweka pingamizi dhidi ya neno lako kwenye Mizani. Daftari hili nimelidhamini mimi mwenyewe. Alhamisi utaulizwa mbele ya watu, nikaona si adabu ulisikie huko kabla hujalisikia kwangu."

"Umefanya vizuri. Nitajibu Alhamisi."

"Ndiyo au hapana ni neno moja tu."

"Likisemwa sebuleni halina uzito."

Mwavita alitabasamu kidogo, akageuka kutazama kijibao kilichobandikwa juu ya mlango. Tarakimu zake za kijani ziliwaka bila kupepesa: 96. "Huko kwetu sijawahi kumwona mtu mwenye tisini na sita," alisema huku akiinuka. "Mimi na utumishi wangu wote nina themanini. Wanafunzi wangu wangeomba wakushike mkono."

Akamshika mkono yeye, kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa kwao, akaenda zake nyumba ya wageni.

2

Mitandao iliporudi baada ya Kimya, ilirudi imejaa uchafu. Picha za watu wakifanya wasiyoyafanya, sauti za wafu zikisema wasiyoyasema. Mahakama zilikwama, hata vyeti vya kuzaliwa havikuaminika. Ndipo Mizani ilipojengwa. Haikusoma mioyo ya watu, wala haikujidai kusoma. Ilihesabu tu. Kila mtu mzima alipewa uzito, toka sifuri hadi mia, kwa kadiri ya yale aliyowahi kuyadhamini yakaonekana kweli. Na neno la marehemu lilichukua uzito wa mtu aliyeliandika au kulidhamini. Mdhamini akipanda, marehemu wake walipanda naye. Akishuka, walishuka wote. Chini ya sitini, neno liliitwa uvumi, na uvumi haukuingia barazani.

Otmari alikuwa amebeba marehemu mia tatu na kumi na wawili.

Hao walikuwa watu wa Bonde la Lihwena, waliohamishwa kwa malori Otmari akiwa bado mtoto wa shule, bwawa likajazwa juu ya nyumba zao na makaburi yao. Serikali ya wakati huo iliandika kwamba bonde lilikuwa pori lisilo na wakazi. Otmari, asiye na shahada, aliyechekwa na wasomi kwenye mikutano yao, alizunguka miaka kumi na moja na daftari, akawakuta wazee walipotawanywa, akaandika neno kwa neno: nani alilima wapi, mpaka ulipita mti gani, nani alizikwa wapi. Kikawa kitabu. Sasa wale wazee wote wamekufa, na bwawa nalo limekauka. Bonde limejitokeza tena, tope jeusi lenye rutuba ambayo watu walikuwa wameisahau, na Mamlaka ya Maji inasema ni mali yake kwa kuwa haina mwenyewe. Wajukuu wana ushahidi mmoja tu duniani. Ungepimwa Alhamisi.

Mwavita alipopotea kwenye kona ya barabara, Otmari alifungua kabati la chuma. Humo mlikuwa na kadi zote alizopokea maishani, zimepangwa kwa siku ya kufika, kila moja na namba yake kwa wino mweusi. Hakuhitaji kutafuta. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye 1147.

7455. I. Ruhaza. Muhuri wa mviringo, umegongwa barabara: BUHAMBA, 11 MACHI.

Reli ilikuwa imesombwa na maji masika yale. Mfuko wa barua ulifika Mei mbili. Shirikisho lilikuwa limeshaufunga mchezo Aprili ishirini, Ruhaza akahesabiwa ametoroka, Otmari akatangazwa bingwa wa taifa. Aliisoma kadi akiwa amesimama mlangoni, akapanga kete, na baada ya robo saa akajua kwamba angefungwa kwa hatua tisa. Hapakuwa na pa kukimbilia. Barua ya shirikisho ilipokuja kuuliza, kalamu yake iliandika, "Sijapokea."

Mtu mwingine yeyote angeichoma kadi ile siku ileile. Mwizi wa kuku huyafukia manyoya. Otmari aliipa namba, akaiorodhesha kwenye rejesta kwa tarehe yake halisi, akaiweka mahali pake, kwa sababu alikuwa mwanahistoria, na mwanahistoria haharibu hati. Hilo hata halikumpitia akilini.

Na ubingwa ule ndio uliompa kibali cha kusafiri, enzi ambazo raia hakutoka wilayani bila karatasi. Bila kibali asingewafikia wale wazee. Alilijua hilo kila alipoinua kalamu kuandika jina jingine.

Kesho yake, Jumatano jioni, kabati lote lilitakiwa kwenye Mizani, pamoja na rejesta.

3

"Kaka Otmari, mbona umekunja uso kama uliyemeza dawa?"

Kolumba Hyera aliingia bila kubisha, na kapu la viazi mkononi. Alikuwa mwenyekiti wa wajukuu wa Lihwena, na mwenyewe hakuwa mjukuu mchanga: miaka sabini na moja. Alihamishwa bondeni akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. "Nimekuletea viazi. Mwakani utakula vya bondeni."

"Kaa, dada. Nina jambo."

Akamweleza yote, tangu mfuko wa barua mpaka yule mwalimu aliyeondoka dakika chache kabla. Alikuwa hajawahi kulisema kwa mtu. Lilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Kolumba alisikiliza akiwa ameshika kiazi kimoja, akikigeuzageuza.

"Ukikubali, uzito wako unakwenda wapi?" aliuliza.

"Arobaini. Labda pungufu."

"Na babu zetu?"

"Wanakuwa uvumi."

Kolumba alikirudisha kiazi kapuni taratibu. "Ichome."

"Kolumba."

"Ichome, kaka! Unanisomea habari ya farasi wa mti? Watu mia tatu na kumi na wawili! Mama yangu alikueleza kaburi la kifungua mimba wake liko hatua ngapi toka kisimani, ukaandika, akalia, ukaandika hata kwamba amelia. Yale ni uongo?"

"Hakuna hata moja la uongo."

"Basi kweli yetu inakosa nini?"

"Kuna mtu alifukuzwa kazi kwa neno langu. Binti yake amenishika mkono hapa."

"Huyo mtu amekufa."

"Na watu wako pia wamekufa."

Macho ya Kolumba yakawa makavu kabisa. "Usinichezee sataranji, Otmari. Unataka kujisafisha, nakuona. Umezeeka, unataka kufa mwepesi. Lakini mzigo wako unataka kuutua juu ya vichwa vya watoto wetu. Ulipokuwa mwongo ulikuwa peke yako. Ukitaka kuwa mkweli leo, unatuburuza wote. Hiyo ndiyo haki mliyofundishwa huko jioni?"

Alikuwa amewashinda mabingwa wa mikoa yote, na mama huyu wa viazi alimfunga kwa hatua tatu.

"Mtafutie huyo binti neno la kumtuliza," Kolumba alisema mlangoni, kwa sauti ya chini sasa. "Ni mwalimu, ni mtu mzima. Ataelewa kwamba barua hupotea."

4

Jumatano saa nne asubuhi aliwasha jiko la mkaa uani, akaleta meza ndogo.

Kuondoa kadi moja hakukutosha. Pengo kati ya 1146 na 1148 lingepiga kelele kuliko kadi yenyewe. Ilimbidi apate kadi nyingine ya kukaa pale, na alijua iko wapi. Katika mfuko uleule uliochelewa kulikuwa na kadi ya pili ya Ruhaza, ya Machi kumi na nne, isiyo na hatua yoyote. Otmari hakuwa akizipa namba kadi zisizo na hatua, alizitia bahashani. Aliitoa.

"Ndugu Ndunguru, Idi njema kwako na nyumba yako. Ubaoni sikuachii hata kidogo, lakini siku moja Mungu akijalia tukae meza moja tunywe chai. I. Ruhaza."

Aliipa namba 1147.

Kisha rejesta. Katika maisha yake alikuwa ameandika sura nzima ya kuwafundisha vijana namna ya kutambua hati ya kughushi: umri wa wino, mgandamizo wa kalamu, rangi ya ukingo wa karatasi. Sasa aliifuata sura hiyo kinyumenyume. Alikuwa na unga wa wino wa enzi zile. Alikuwa na kurasa tupu za rejesta ileile. Aliandika ukurasa mzima upya, mistari ishirini na minne, akiulazimisha mkono wa mzee uandike kama mkono wa mtu wa miaka arobaini na mitano. Kwenye mstari wa kumi na mmoja aliandika: "1147. I. Ruhaza. Salamu za Idi." Aliuchana ukurasa wa awali akautia makaani, akashona huu mpya kwa uzi wa zamani. Kazi ilikuwa safi. Akajichukia kwa kuifurahia.

Aliishika ile kadi ya 7455 juu ya makaa, akairudisha. Akachukua kipande cha karatasi, akanakili maneno yote yaliyokuwa juu yake, na tarehe, na umbo la muhuri, kama alivyozoea kufanya kila hati ilipokuwa hatarini. Aliandika hata "imechakaa pembe ya kushoto". Alipomaliza ndipo alipogundua mikono yake imefanya nini. Alikitazama kile kipande cha karatasi kwa aibu, akavitumbukiza vyote viwili, na akakaa hapo mpaka majivu yakapoteza umbo.

5

Chumba cha Mizani kilikuwa cheupe na cha baridi, na mashine yenyewe haikuwa kitu cha kutisha: sanduku refu la kioo ambamo kadi zilipita moja moja chini ya taa ya buluu, kama nguo kwenye cherehani. Ilisoma wino, karatasi na mihuri, ikalinganisha na kila hati ambayo nchi hii imewahi kuilisha. Editruda Kinunda, mpokezi wa hati, alikuwa amesoma kitabu cha Otmari shuleni, na hakuificha fahari yake.

"Mwalimu, kabati lako ni somo," alisema. "Watu hutuletea magunia. Wewe hata pengo moja huna."

Watu wa Lihwena walijaa viti vya nyuma, Kolumba mbele yao amekunja mikono. Mwavita aliketi peke yake upande wa pili, na daftari la baba yake mapajani.

Editruda alisoma pingamizi kwa sauti, kisha akainua kadi kwa kibanio. "Katika mfuko wa Mei mbili, kumbukumbu za Mwalimu zina kadi moja ya marehemu Ruhaza. Namba 1147. Ni salamu za Idi, muhuri wa Machi kumi na nne." Akamgeukia Mwavita kwa upole. "Mwalimu Ruhaza, huu ni mwandiko wa baba yako?"

Mwavita alisogea. Aliisoma kadi mara mbili, midomo ikicheza. "Ni wake," alisema. "Ndiye yeye hasa. Alikuwa anapenda kumkaribisha kila mtu chai."

"Basi tunaye mtu aliyetuma kadi Machi kumi na nne, na ikafika. Kama alituma nyingine siku tatu kabla, kutoka posta ileile, katika mfuko uleule, hiyo ilikwenda wapi?"

Otmari aliitazama kadi ile kwenye kibanio. Hakuwa amelifikiria hili. Yeye, aliyewahi kuona hatua tisa mbele, alichukua ile kadi kuziba pengo tu, na sasa salamu za mtu zilikuwa zinamhukumu mwenyewe aliyezituma.

"Mwalimu Otmari Ndunguru," alisema Editruda, "je, ulipokea kutoka kwa Idrisa Ruhaza kadi ya hatua 7455?"

"Sikupokea."

Taa ya buluu ilipepesa. Editruda alisoma kilichoandikwa mbele yake, na sauti yake ikapungua. "Kwa jibu hilo, daftari la marehemu linawekwa kundi la uongo. Aliyelidhamini anashuka nalo, toka themanini hadi hamsini na saba. Sheria inanitaka nikuulize mara ya pili kabla halijafungwa. Unathibitisha?"

Hamsini na saba. Mwalimu ambaye sahihi yake ni uvumi. Hataweza kumsainia mtoto hata cheti cha darasa la saba. Mwavita alikuwa ameinamisha kichwa, na nyuma yake, upande ule mwingine, mzee mmoja wa Lihwena alikohoa. Kolumba hakumtazama Otmari. Alikuwa anatazama sakafu, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kuvua nguo.

Neno lilikuwa bado halijaondoka. Hatua isiyotiwa sandukuni bado ni yako. Otmari alipitisha wafu wake wote kichwani, mmoja mmoja, kwa majina, na hakuna hata mmoja aliyemwambia la kufanya.

"Nathibitisha," alisema.

Tarakimu zilipanda juu ya ukuta: 97. Kitabu kilipita. Nyuma, vigelegele vilipasuka, viti vikaanguka, wazee walikumbatiana wakiita majina ya babu zao. Mtu alimbeba Kolumba juujuu, naye akilia na kumpiga makofi kichwani amshushe. Otmari alipigwa mabega, alibusiwa kipaji cha uso, aliitwa baba na watu wasiopungua hamsini, akatoka nje akiwa anashika ukuta.

Mwavita alikuwa anamsubiri kwenye korido. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amejipangusa vizuri na kufunga kilemba upya.

"Mzee," alisema, "nimesimama hapa nikufikie kabla hujaondoka. Nimemsumbua mzee wa watu. Nimekuja na hasira ya miaka thelathini na minne nikaimwaga nyumbani kwako, ukaninywesha chai."

"Hapana, mwanangu..."

"Niache niseme. Baba alikuwa mtu mwema, lakini kumbe alisema uongo, akaushika mpaka kufa, akatuachia sisi tuubebe. Nitawaambia ndugu zangu. Ni lazima wajue." Akakaza fundo la kilemba chake. "Ukanivumilia. Hata ukatunza salamu zake, wakati alikuwa anakuchafulia jina."

Otmari alifungua mdomo. Kelele za watu wa Lihwena zilikuwa zinakuja koridoni, wanaimba, wanamtafuta.

Mwavita alipiga goti mpaka sakafuni, kichwa chini, viganja vimefunguka mbele yake. "Nakuomba radhi, mzee wangu. Kwa niaba yangu na ya baba. Sema umetusamehe, nipate kwenda nyumbani."

Hakuinuka. Hangeinuka mpaka aambiwe. Ndivyo walivyofunzwa kwao. Na waimbaji walikuwa wamefika kwenye kona.

"Nimewasamehe," alisema Otmari Ndunguru.